Mkonge wa Milia na Makaburi Matatu ya Rangwe

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Fanuel Ombui amepiga magoti nyuma ya chumba cha kufulia nguo cha hospitali, nje kidogo ya Rangwe, anafukua udongo kwa vidole. Jembe analo, tena zuri, ameliegemeza ukutani. Kazi hii, anasema, haitaki jembe.

Mmea anaoufukua una majani manene yaliyosimama wima hadi usawa wa goti, kijani katikati na manjano pembeni, kutoka chini mpaka ncha. Ukilibonyeza jani unahisi limejaa maji. Kila mtu hapa ana jina lake kwa mmea huu. Fanuel anauita mkonge wa milia, ili kuutenga na ule mkonge mwitu wa kijani kitupu unaojiotea vichakani kuanzia hapa mpaka Homa Bay.

Vidole vyake vinafikia shina la chini, jeupe, nene kama kidole gumba, lililotambaa kutoka kwa mmea mama na kuchomoza chipukizi pembeni. Anatoa kisu, anakipangusa kwenye suruali na kulikata shina mara moja. Kidonda anakipaka jivu. Chipukizi analilaza kivulini juu ya gunia, kisha anaanza kulitafuta la pili.

"Hii inalala hapa siku tatu bila maji, kidonda ikauke," anasema. "Ukipanda leo inaoza. Adui ya hii mmea ni mtu ya huruma mingi. Kila saa anamwaga maji."

Anacheka kidogo, halafu kicheko kinakatika. Leo si siku ya kucheka kwa Fanuel. Leo, Jumanne ya mwisho ya Februari, mwaka 1999, mama mmoja anakuja kutoka Ukuria kuchukua udongo wa kaburi la mwanawe. Fanuel ndiye mtunzaji wa makaburi ya hospitali hii, na hajui kaburi hilo ni lipi.

Ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa kwenye vilima vya Kisii akaja Rangwe mwaka 1979, akimfuata kaka yake aliyekuwa akiuza ndizi. Biashara ya ndizi haikumfaa, kwani anakiri mwenyewe kwamba alikuwa akizila. Mwaka 1984 hospitali ikamwajiri kuwa mtunza bustani, na mkewe, Nyamoita, ndiye aliyeishika biashara ile mpaka leo. Kijaluo cha Fanuel kimenyooka kiasi kwamba wateja wa mkewe sokoni hubishana iwapo kweli ni Mkisii.

Mshahara wake ni shilingi elfu mbili na mia tisa kwa mwezi. Barua yake ya ajira inataja nyasi, maua na ua wa hospitali. Haitaji makaburi. Lakini nyuma ya hospitali kuna mteremko wenye mawe, na hapo ndipo wanapozikwa wale waliofia wodini na jamaa zao hawakuja.

Msomaji wa pande hizi hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Mjaluo huzikwa kwao, Mkisii huzikwa kwao, Mkuria vivyo hivyo. Mtu atakopa gari, atauza ng'ombe, lakini maiti itafika nyumbani. Kwa hiyo anayebaki kwenye mteremko huu amebaki kweli. Mpaka sasa wapo watu thelathini na wanane, katika safu sita.

Mwanzoni waliwekewa misalaba ya mbao, mchwa wakaila. Yakaja mabamba ya bati yaliyoandikwa majina kwa rangi, yakaibwa. Saruji haikuwa na fungu. Fanuel akapanda maua ya kila aina, na mbuzi wa majirani wakamshukuru sana.

Ndipo akakumbuka chungu cha ua barazani. Nesi mmoja, Bonareri, alikiacha alipohamishwa mwaka 1987, na mmea uliokuwamo ulikuwa umekaa miezi mingi bila mtu kuumwagia hata kikombe cha maji, na bado ulisimama. Fanuel akautoa, akaukata shina la chini, akapata vipande vinne. Mbuzi waliuonja mara moja tu.

Kuanzia hapo kila kaburi lilipewa chipukizi lake. Mkonge mwitu ulikuwa umetapakaa mteremko mzima, hivyo manjano ndiyo yakawa alama. Palipo na manjano pana mtu. Fanuel akawa na sheria moja tu kwa vibarua waliokuja kufyeka, na aliirudia kwa zaidi ya miaka kumi: ya kijani ng'oa, ya milia usiguse.

Sheria hiyo ndiyo iliyomponza.

Januari mwaka jana, mvua kubwa za El Nino zilikuwa hazijakatika tangu Oktoba. Barabara zilikuwa zimemegeka na simu zimekufa. Kipindupindu kilipanda kutoka ufuoni kikaingia hadi hapa Rangwe, na wagonjwa wakalazwa hata kwenye korido. Amri ya afisa wa afya ilikuwa fupi: aliyekufa kwa ugonjwa huo asikae, azikwe siku hiyo hiyo.

Wengi walikuwa na jamaa zao karibu, na walichukuliwa. Watatu hawakuwa na mtu. Mmoja aliwahi kutaja jina lake kabla ya kukata roho: Levis Maroa, miaka ishirini na mmoja, Mkuria. Alikuwa akifanya kazi ya kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay, na siku hiyo alikuwa akisindikiza magunia kuelekea Homa Bay alipoanza kutapika njiani. Dereva wa lori alimshusha hospitalini akaenda zake. Wa pili aliletwa na gari la wauza samaki, waliosema tu kwamba ni mtu wa Kisegi, kule ufuoni. Wa tatu alifika akiwa hawezi kusema neno.

Walizikwa asubuhi moja, wakiwa wamefungwa kwenye nailoni nyeusi zinazofanana. Fanuel alikuwa na kazi ya kuchota maji yaliyojaa makaburini kwa ndoo kabla ya miili kushushwa. Daktari msaidizi aliyesimamia ndiye aliyekuwa na karatasi ya majina. Siku nne baadaye daktari huyo alimpeleka Fanuel safu ya sita na kumwonyesha: huyu ni Levis, huyu ni wa Kisegi, huyu hatumjui.

Fanuel alitaka kuwawekea alama siku hiyo hiyo, lakini machipukizi yalikuwa yamekwisha. Mkonge wa milia hauna haraka, mmea mama mmoja hutoa machipukizi manne au matano kwa mwaka mzima. Basi akafanya jambo aliloona watu wakilifanya kwa mkonge mwitu. Alikata jani moja refu vipande sita na kuvipanda vipande vyenyewe. Levis alipewa kimoja. Wa Kisegi alipewa viwili. Yule asiye na jina alipewa vitatu.

"Nilisema huyu hana jina, hana kwao, angalau yeye awe na kitu mingi kidogo," anaeleza.

Katika daftari la hospitali iliandikwa tu: safu ya sita, watu watatu, na tarehe. Nani yuko wapi, hilo lilibaki kwa Fanuel na vipande vyake. Yeye hakuandika. Anasema, na hapa sauti yake inashuka, kwamba kazi ya kukumbuka aliupa mmea, naye akapumzika.

Vipande vilishika mizizi. Kufikia Mei vilikuwa vimechomoza watoto, na watoto hao walikuwa wa kijani kitupu. Fanuel hakushtuka. Vile vipande vya zamani vyenye manjano vilioza kwa mvua za masika, watoto wakabaki, naye akaendelea kuwapalilia na kungoja.

"Nilidhani milia inakuja na umri," anasema. "Kama mvi."

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mwezi Julai. Hospitali ilikuwa ikitarajia wageni wakubwa kutoka Nairobi siku ya Jumatatu, na msimamizi akaajiri vibarua wanane kufyeka kila mahali. Fanuel ni Msabato, Jumamosi hashiki jembe wala kisu. Ijumaa jioni, kabla jua halijatua, aliwakusanya vibarua akawapa sheria yake, ile ile ya miaka yote. Ya kijani ng'oeni. Ya milia msiguse.

Hakuongeza: isipokuwa safu ya sita. Alisahau.

Vibarua walikuwa watu waaminifu, na hilo ndilo linalomuuma zaidi. Walifanya sawasawa na walivyoambiwa. Jumapili asubuhi alipopanda mteremkoni alikuta mimea ya safu tano imesimama, safi, imepaliliwa vizuri. Ya sita ilikuwa uwanja. Mvua zilikuwa zimekwisha kusawazisha vilima vya udongo, na vibarua walikuwa wamepitisha reki.

"Nilisimama hapo nikajisikia kama mtu ameiba," anasema.

Alichukua mtarimbo akawa anachoma ardhi hatua kwa hatua. Udongo uliowahi kuchimbwa huwa laini, na kabla ya saa sita alikuwa ameyapata makaburi yote matatu. Lakini hakukuwa na cha kumwambia lipi ni la nani. Alijaribu kuirudisha ile siku daktari alipomwonyesha kwa kidole. Kila akijaribu, anasema, anachokikumbuka ni ndoo na maji. Daktari mwenyewe alikuwa amehamishiwa Kitale. Fanuel alimwandikia barua, na jibu likaja kwa mistari miwili: hakumbuki, na asamehewe.

Aliyemfafanulia kosa lake ni Mayaka, muuza miche wa Homa Bay mjini, mtu aliyezeekea kwenye kazi hiyo. Fanuel alimpelekea chipukizi moja la kijani alilolikuta kwenye lundo la takataka. Mayaka aligeuza majani mara moja tu akajua.

"Hii ulikata jani," akamwambia. "Jani haibebi milia, ndugu yangu. Ungengoja mpaka mwisho ya dunia. Milia inapita chini, kwa shina. Usipoitoa kwa mama yake pale chini, inarudi kuwa ya porini."

Fanuel alirudi Rangwe na neno hilo. Alikuwa ameutunza mmea huu miaka kumi na mmoja na alidhani anaujua.

Angeweza kukaa na siri yake labda maisha yote, kwa sababu mteremko ule hauna wageni. Lakini mwezi wa Oktoba walifika wanawake wawili wakiwa na vumbi hadi magotini. Mkubwa, wa miaka sitini hivi, alijitaja kuwa Bhoke, mke wa Mzee Maroa. Mwingine alikuwa bintiye, Priscilla. Kwa miezi tisa walikuwa wakidhani Levis yuko hai Muhuru Bay. Mchuuzi mmoja wa omena ndiye aliyewapa habari, katika soko la Isebania, akidhani wanajua.

Bhoke hakuwa amekuja na ruhusa ya kufanya lolote siku hiyo. Alitaka tu kuhakikisha. Alisema mzee wake hawezi kusafiri, miguu imevimba na kifua kimembana, na kwamba wazee wa ukoo wataketi waamue. Kama watakubali, atarudi baada ya kuuza tumbaku achukue udongo wa kaburi, upelekwe ukazikwe kwao. Akaomba aonyeshwe mahali.

Fanuel alinyoosha kidole kutoka chini ya mteremko. "Ni pale juu, safu ya mwisho," alisema. Mvua ilikuwa ikikaribia, na wale akina mama walikuwa na safari. Waliondoka bila kupanda, naye akawaacha waende.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri, na mkewe ni shahidi. Wiki iliyopita Bhoke alituma salamu kupitia kasisi wa Migori kwamba wazee wamekubali na kwamba atafika leo. Salamu zilikuwa na maneno ya Mzee Maroa pia: "Nileteeni mtoto kabla sijaenda."

Mlinzi wa lango, Nyamongo, ambaye ni mtu wa kwao Fanuel na rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa na ushauri. Hakuona tatizo lilipo.

"Muonyeshe moja," alimwambia. "Achukue mchanga aende. Mzee akufe na roho safi. Nani atajua?"

"Mimi," Fanuel akamjibu.

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu inatosha."

Hata hivyo, anakiri kwamba ushauri ule aliulalia siku tatu mfululizo. Ulikuwa ushauri wa huruma. Asubuhi hii, akiwa anapaka jivu chipukizi la tatu, bado hakuwa na hakika atasema nini.

Wanafika saa tano kasorobo. Walilala Migori kwa jamaa. Bhoke amevaa leso mbili, moja kiunoni na moja mabegani, na mkononi ana mkebe wa mafuta ya kupikia, mtupu, uliooshwa ukang'aa. Anampa Fanuel mkono na kumwamkia kwa Kikuria. Fanuel anaitikia kwa Kikisii, kwani lugha hizi mbili ni ndugu, kisha wanarudi kwenye Kiswahili ili asipotee mtu.

Anawapa viti chini ya paa la chumba cha kufulia. Nyamoita ameleta chai na ndizi. Bhoke hagusi chai. Anataka kupanda mteremko.

"Mama Levis," Fanuel anasema, "kabla tupande, iko neno."

Bhoke anamtazama.

"Nilipoteza kaburi."

"Ulipoteza namna gani?"

"Iko. Haijaenda mahali. Iko makaburi tatu pale juu, na Levis ako kwa moja. Lakini ni gani, sijui."

Priscilla ndiye anayeanza, na anaanza kwa sauti ya chini.

"Mwezi wa kumi tulipokuja, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Miezi nne! Baba amelala kwa kitanda anahesabu siku, sisi tunauza tumbaku, wazee wanakaa kikao tatu, na wewe hapa unajua!"

"Niliogopa," Fanuel anasema. Hajitetei zaidi ya hapo. Mikono yake, yenye jivu mpaka kwenye vifundo, ameipakata magotini.

Bhoke anataka kujua imekuwaje. Fanuel anamweleza yote, ile nailoni nyeusi, vile vipande sita, ile Jumamosi. Anamletea chipukizi la milia na jani la mkonge mwitu amwonyeshe tofauti. Mama huyo amelima maisha yake yote, na anayageuza mikononi kama mkulima. Anauliza maswali mawili matatu juu ya shina la chini. Halafu anayaweka chini, anajifunika uso kwa leso na kulia. Analia kwa muda mrefu, na Nyamoita anaenda kuketi karibu naye.

Anapomaliza anasimama. "Twende nione," anasema.

Makaburi matatu ya safu ya sita yamezungushiwa mawe sasa, Fanuel aliyapanga mwaka jana. Bhoke anainama kwenye la kwanza na kuweka kiganja juu ya udongo. Anafanya hivyo kwa la pili na la tatu. Kwa mtazamaji, ni kama anawapima watoto homa.

"Hawa wengine ni kina nani?" anauliza.

"Mmoja ni mtu ya Kisegi. Mwingine hatujui. Alikuja akiwa hawezi kuongea."

"Na hakuna mtu amekuja kuwauliza?"

"Hakuna. Tangu siku ile."

Bhoke anatikisa kichwa. Anautazama mkebe wake, kisha anaukabidhi kwa Nyamoita. "Huu ulikuwa wa mtu mmoja," anasema. Anatoa leso ya mabegani, anaitandaza juu ya nyasi. Anachota konzi ya udongo kwenye kaburi la kwanza, anaifunga katika pindo moja la leso, fundo la kukaza, kama wanawake wanavyofunga pesa za soko. Kisha anakwenda kwenye kaburi la pili.

Priscilla anamshika mkono. "Mama, hapana. Huwezi kuingiza wafu ya watu kwa boma. Wazee watakataa."

"Nikichukua moja, labda naacha mtoto wangu hapa nabeba wa mwenyewe. Nikichukua zote, wangu lazima ako." Anauondoa mkono wa bintiye taratibu. "Nitaambia baba yako mtoto amekuja na wenzake wawili. Tangu lini Maroa akafukuza mgeni?"

Priscilla anasogea kando kumpisha. Fanuel amegeuza uso upande wa mabonde, na mabega yake yanatikisika. Mwanamume wa umri wake huku kwetu halii mbele ya wageni, lakini leo amelia, na hakuna aliyemcheka.

Pindo la tatu linafungwa. Fanuel anaomba msamaha, kwa Kiswahili, kisha kwa Kikisii, pengine akidhani lugha ya kwao itabeba zaidi. Bhoke anamsikiliza hadi mwisho.

"Mzee Ombui, wewe umenikosea," anamjibu. "Nitakusamehe. Lakini si leo."

Wanashuka kwenda barabarani, na leso yenye mafundo matatu Bhoke ameifunga mgongoni.

Barua iliwasili hospitalini mwishoni mwa Machi, kwa mwandiko wa Priscilla. Fanuel ameisoma mara nyingi hata mikunjo yake imeanza kuchanika. Mzee Maroa alitolewa nje akakalishwa kwenye kiti, na mafundo matatu yakafunguliwa mbele yake. Wazee wawili walinung'unika. Yeye akaagiza vichimbwe vishimo vitatu, si kimoja, na udongo ukazikwa kila mmoja mahali pake. Siku hiyo alikunywa uji bakuli zima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Krismasi.

Kesho yake mzee aliamka na swali. Priscilla ameliandika kama lilivyotoka kinywani mwa baba yake: "Wageni nimewapokea. Lakini mtu hawezi kulala kwangu siku zote na mimi sijui baba yake ni nani. Nendeni mtafute."

Ameagiza bintiye aende Kisegi. Ameagiza pia yule mtunza bustani aende naye, kwa sababu ndiye pekee aliye hai na karibu aliyemwona mtu wa Kisegi kwa macho kabla hajafungwa kwenye nailoni. Fanuel anamkumbuka kweli, kwani alisaidia kumshusha kwenye gari la wauza samaki. Alikuwa mtu mzima, mrefu, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimekatika zamani.

Sasa Fanuel ana daftari lake mwenyewe, na binti yake, Gesare, amemchorea ramani ya safu zote sita. Yale machipukizi matatu ya siku ile yameshika katika safu ya mwisho, na jani jipya la kwanza limetoka na kingo zake za manjano. Hayo anayaeleza haraka haraka, kama mtu anayepita. Kinachomshughulisha ni safari.

Ameomba likizo ya siku nne, ya kwanza tangu mwaka 1991. Msimamizi alishangaa, akamuuliza kama kuna msiba Kisii. Baada ya Pasaka atakutana na Priscilla stendi ya Homa Bay, na kutoka hapo watakwenda Kisegi. Watauliza sokoni kwanza, halafu makanisani, halafu mlango kwa mlango ikibidi: ni nani aliyepotelewa na mtu mrefu, asiye na kidole cha mwisho, Januari ile ya kipindupindu. Huyu wa tatu, asiye na jina, hajui wataanzia wapi. Anasema watamfikia.

Huenda wakampata mama mwingine huko, au mke, au watoto. Huenda wakapokewa vibaya. Fanuel amelifikiria hilo pia. Anajua itabidi awaambie watu wasiomjua kwamba mtu wao amelala Rangwe, kwamba udongo wake uko Ukuria, na kwamba aliyepoteza kaburi ni yeye.

"Nitawaambia siku hiyo hiyo, kabla hata ya kukaribishwa kiti," anasema. "Hii mara singoji miezi nne."